Bunia: Fundi wa kushona atafuta site ya intaneti, swali lake la kwanza si uzuri

Mjini Bunia neno "site" lina maana mbili. Ya kwanza ni site ya wakimbizi wa ndani, kama Kigonze au ISP, yenye mahema na vibanda vya turubai. Ya pili ni site ya intaneti, ile ambayo vitabu vinaita tovuti. Mtu akisema sokoni kwamba anatafuta site, ataulizwa kwanza amekimbia kutoka wapi.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja, fundi wa kushona wa kartie Mudzi-Pela, siku ya kugawana akiba katika AVEC yao. Alisema sehemu ya pesa yake itafungua site. Mwenyekiti akamtazama: "Mama, si ulitoka site? Unarudi huko kutafuta nini?" Akina mama wakacheka. Alipoeleza kwamba ni site ya intaneti, ya kuonyesha nguo anazoshona, kicheko kikapungua, maana wote walijua kwamba pesa ile aliiweka juma kwa juma kwa ajili ya mashini ya tatu. Mashini inaleta chakula siku hiyohiyo. Site ya intaneti inaleta nini?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Kabla ya mwaka 2018 mama huyu alikuwa na atelie katika senta moja ya biashara, wilaya ya Djugu. Alishona nguo za kwaya, nguo za shule, na kila mwezi wa pili kazi ilimjaa kwa sababu ya vitenge vya Machi 8. Vita viliporudi Djugu, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, alikimbia usiku pamoja na watoto wawili na kichwa cha mashini moja. Meza ya mashini ilibaki. Vitambaa vya wateja 11 vilibaki. Kitabu cha vipimo kilibaki, kile chenye majina, kifua, kiuno na urefu wa mikono wa watu wa miaka sita. Simu ilianguka njiani.

Simu ndiyo iliyomrudisha nyuma kuliko vyote, ingawa siku ile hakuilia. Namba yake ndiyo iliyokuwa duka. Kurudisha namba kunahitaji kitambulisho, na kadi yake ya uchaguzi iliungua pamoja na nyumba. Alipopata kadi mpya, namba ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, mwanaume anayejibu kwa Kilingala na kukata. Ukurasa wake wa Facebook haukufunguka tena, kwa sababu kila alipojaribu kuingia, alama za siri zilitumwa kwenye namba ileile iliyokufa. Picha za kazi yake bado ziko huko hadi leo, watu wanaziona, na chini yake namba ya mtu asiyejua hata kushika sindano.

Mwaka 2021 alikutana katika soko kuu na kiongozi wa kwaya moja ya zamani. Mzee alimshika mkono muda mrefu. "Mama, sisi tulisema umekufa. Wengine walisema umekimbia na vitambaa vyetu." Neno la kwanza alilisamehe palepale. La pili lilikaa naye. Fundi anaishi kwa kuaminiwa: mtu anakuachia kitambaa cha pesa yake, mara nyingine na malipo ya mwanzo, anaondoka na mikono mitupu. Kama jina limeharibika, mashini hata kumi hazisaidii.

Kwa hiyo hakutafuta site ili awe wa kisasa. Alitafuta mahali pamoja ambapo mteja anaweza kumkuta hata kama yeye amehama tena, hata kama namba imebadilika, hata kama simu imeporwa barabarani. Kila familia iliyowahi kulala Kigonze inaelewa haja hiyo bila kuelezwa.

Aliyemsaidia ni mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa informatiki hapa Bunia. Ni kijana mwenye haraka na mwenye moyo mwema. Jioni ya kwanza alikuja na kompyuta ya kuazima, akamfungulia Wix. Hiyo ni kampuni ya Israeli iliyoanza mwaka 2006, na kazi yake ni kumwezesha mtu asiyejua kuandika programu ajenge tovuti kwa kuburuta tu: unashika picha, unaiweka hapa; unashika maandishi, unayaweka pale; kurasa za mfano ziko tayari, unabadilisha maneno. Zilikuwa nzuri kweli. Picha zinapita zenyewe kama sinema, rangi zinapendeza, na vitufe vinang'aa.

"Mama mdogo, unaona? Hii siku mbili tunamaliza."

"Naona, mwanangu. Sasa niambie. Nikitaka kuhama, ninaondoka nayo?"

Kijana hakuelewa. Akafikiri anauliza kuhusu kompyuta. Mama akarudia: kama siku moja ile kampuni ikipandisha bei, au ikamfungia, au akapata mahali pazuri zaidi, je, anaweza kubeba kurasa zake, maneno na picha, akazipanga kwingine? Kijana akatafuta, akasoma maelezo ya kampuni yenyewe. Jibu lilikuwa hapana. Site iliyojengwa na Wix inakaa kwa Wix. Jina la tovuti unaweza kulihamisha, lakini nyumba yenyewe haivunjwi ikabebwa. Ukiondoka, unajenga upya kwa mikono.

Mama akasema tu, "Kama hema la site." Hema ni zuri wakati wa mvua, lakini si lako, na siku wenye site wakisema muondoke, huondoki nalo. Watu waliokuwa kwenye uwanja wa Hospitali Kuu wanakumbuka walivyopelekwa Kigonze mwaka 2019.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza sawasawa, na ilichukua majuma matatu badala ya siku mbili. Wengi wanaotaka tovuti kwa biashara ndogo hawapati bahati ya swali kama lile. Wanauliza bei, wanauliza uzuri, na wanapofika kwenye swali la kuondoka, ni siku ambayo wamekwisha kufungiwa.

Ili mama aelewe, kijana alimgawia mambo katika sehemu tatu, na hapo alikuwa mwalimu mzuri. Kuna jina, lile linaloandikwa juu na kuishia kwa .com au .cd. Kuna kiwanja, yaani kompyuta kubwa ya mbali inayowaka usiku na mchana, ambamo kurasa zinakaa. Na kuna nyumba, yaani kurasa zenyewe. Wajenzi wa tovuti kama Wix au Squarespace wanakuuzia vyote vitatu kwa pamoja, na ndiyo maana ni rahisi kuanza. Lakini jina linaweza kununuliwa peke yake. Na jina ni kama kibao cha njia: leo kinaelekeza kartie hii, kesho unakigeuza kinaelekeza kartie nyingine, na mgeni anayefuata kibao anafika tu. Mama alilipenda hilo kuliko picha zote zinazotembea. Jina halinunuliwi milele, linakodiwa mwaka kwa mwaka, lakini maadamu unalipa kwa wakati na limeandikwa kwako, hakuna wa kukunyang'anya.

Majina nayo yanaweza kufa. Nchi hii ilikuwa na mwisho wa .zr wakati wa Zaire. Mwaka 1997 ikaingia .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Kijana alipenda .cd kwa heshima ya nchi. Mama aliuliza ipi ni rahisi kulipa na rahisi kukumbukwa na mtu aliye Uganda, na jibu lilikuwa .com.

Squarespace, iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, ilitoka mapema: kurasa zake zinapendeza, lakini hakuna njia ya kukaa bure zaidi ya siku za kujaribu. Shopify ilikaa mezani kidogo zaidi. Ni ya Kanada, na waanzilishi wake mwanzoni walitaka tu kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji. Leo ni duka kamili la intaneti, lenye hesabu za bidhaa na malipo ya kadi. Lakini wateja wa fundi wa Mudzi-Pela hawana kadi. Wanalipa kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, au wanampa pesa mkononi mtu anayepanda gari la kuja Bunia. Na kila nguo ina vipimo vyake. Haichukuliwi rafuni kama sabuni. Kulipa kila mwezi kwa mashini ya kuhesabu pesa ambayo haitahesabu kitu ni kutupa pesa. Hilo linawahusu pia wauza asali, maseremala, wapishi wa harusi na wengine wengi mjini: wanachohitaji ni kuonekana na kupigiwa simu.

WordPress ilimpa kijana kazi zaidi, kwa sababu jina hilo nalo lina maana mbili. Kuna programu yenyewe, iliyotoka mwaka 2003, ya bure, ambayo mtu anaiweka kwenye kiwanja anachokikodi popote. Hiyo ndiyo inayokupa uhuru wote: kila kitu ni chako na unakibeba. Lakini inataka mtu wa kuiangalia, kuiongezea matoleo mapya, kufunga milango ambayo wezi wa intaneti wanaijaribu kila siku. Kwa mama mwenye mashini mbili na watoto, ambaye umeme wake unakuja na kuondoka, huko ni kuongeza mtoto mwingine nyumbani. Halafu kuna WordPress.com, ambako kampuni inakutunzia yote hayo. Njia ya bure ipo, pamoja na matangazo ya watu wengine kwenye ukurasa wako, na jina lako likifuatwa na jina la kampuni. Ukitaka jina lako peke yake, unalipa. Uzuri wake ni kwamba maandishi yote yanapakuliwa katika faili moja na kuhamishiwa kwenye WordPress nyingine. Mlango wa kutokea upo, na uko wazi.

Mwisho wakafika kwa Blogger, ambayo kijana aliionea haya. Ni ya zamani, ya mwaka 1999, Google iliinunua mwaka 2003, na sura yake haijabadilika sana. Wenzake chuoni wangemcheka. Lakini mama alikaa akahesabu. Ni bure. Akaunti ya Google iko tayari kwenye simu yake, hahitaji nyingine. Jina la .com ukilinunua kwingine, Blogger inakubali kulitumia bila kukutoza. Maandishi yote unaweza kuyapakua yakakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, na WordPress ina njia ya kuyapokea kama siku moja utahamia huko. Kwa hiyo gharama inabaki moja, ile ya jina, ambayo kwa .com kwa wauzaji wengi haifiki dola 20 kwa mwaka.

Je, Google haiwezi kuifunga? Inaweza. Ilikuwa inawapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zilizoungwa na alama yao kwenye ramani, na Machi 2024 tovuti hizo zilizimwa. Yahoo nayo mwaka 2009 ilifunga GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida. Wakubwa hufunga wanapotaka. Tofauti ni kwamba mwenye jina lake na nakala yake anapata muda wa kufunga mzigo. Mama alikubali hatari hiyo. Kukimbia mchana, mizigo ikiwa imefungwa, si sawa na kukimbia usiku.

Jioni moja kijana alileta wazo la rafiki yake anayejua kazi hizi, ambaye angefanya kila kitu kwa bei nafuu: atafungua akaunti, atalipia jina kwa kadi yake, na mama atapewa tu kiungo cha kusambaza. Hilo ndilo linalofanyika mara nyingi hapa Bunia, na ndilo lililowaumiza wengi. Kuna duka moja mjini lililojengewa site namna hiyo. Kijana aliyeijenga akaenda kutafuta maisha Kampala, barua za kukumbusha malipo zikawa zinaingia kwake, na siku moja jina likazimika. Mwenye duka hakuwa na neno la siri wala ushahidi kwamba jina lilikuwa lake. Mara jina la .com likifutwa, kwa kawaida kuna siku 30 za kulikomboa kwa bei kubwa, lakini hata kukomboa kunahitaji akaunti ambayo mwenye duka hakuwahi kuiona.

Mama alikataa. Si kwamba alimdhania kijana wa watu kuwa mwizi. Alisema hata yeye mwenyewe aliitwa mwizi wa vitambaa, na hakuwa ameiba. Mambo yanatokea, mtu anahama, simu inapotea, na vya wengine vinapotelea mikononi mwake.

Malipo ndiyo yaliyokuwa mwiba. Kampuni nyingi kubwa zinataka kadi ya benki ya Visa au Mastercard. Mwenye akaunti ya benki mjini anaweza kuomba kadi ya kuweka pesa kwanza, lakini kwa malipo mamoja ya mwaka gharama za kadi zinaweza kuzidi malipo yenyewe. Suluhu ilitoka kwa dada yake aliyekimbilia upande wa Arua. Uganda na Kenya kuna wauzaji wa majina wanaopokea pesa ya simu. Dada alilipa kwa simu yake, miaka 2 kwa pamoja, lakini akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi, jina la mwenye mali liliandikwa la fundi, na neno la siri alilitunga mwenyewe, kijana akiwa amegeuka ukutani. Kijana alicheka, akageuka.

Kazi ngumu ya kiufundi ilikuwa moja tu: kuliambia jina lielekee Blogger. Kuna mistari ya herufi na namba ndefu ya kunakili bila kukosea hata moja, kisha unangoja saa kadhaa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu asiye na mazoea anastahili kutafuta msaada, na kumlipa aliyemsaidia.

Kuhusu kupoteza akaunti, mama alikuwa na somo lake tayari. Google inatoa alama 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, za kuingilia kama simu imepotea. Kila moja inatumika mara moja tu. Kijana alizipiga picha. Mama akamwambia picha iko kwenye simu, na simu ndiyo inayopotea. Akaziandika kwenye karatasi, akaifunga kwa plastiki, akaishona ndani ya pindo la kitenge anachovaa safarini. Nakala ya pili iko kwa dada Arua. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, kwa hiyo wamekubaliana kwamba hata vita vikija, mmoja wao ataingia humo mara moja moja.

Picha zilichukua siku nyingine. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 3. Nguo 20 ni mega 60, na nani atakayetumia mega 60 kutazama nguo? Walijaribu kwenye simu ndogo ya shangazi mmoja aliyeko bado Kigonze. Ukurasa wa kwanza ulizunguka, ukazunguka, shangazi akasema, "Mega zangu zinakwisha na sijaona hata kola." Kijana akawa anajitumia kila picha kwa WhatsApp kwanza, maana WhatsApp inazipunguza, kisha akazipunguza tena hadi zikawa chini ya sehemu ya kumi ya mega moja. Nguo zote 20 zikaingia katika mega 2. Shangazi aliona kola, akaona na mshono uliopinda kidogo, akausema. Picha hiyo iliondolewa.

Yaliyoandikwa humo ni machache. Kazi anazoshona, bei zinaanzia wapi, siku ngapi za kungoja. Namna ya kujipima kifua, kiuno na mabega kwa futi ya kitambaa, ili mteja aliye mbali atume namba bila kusafiri. Kitufe cha kufungua WhatsApp moja kwa moja. Na juu kabisa mstari huu: namba ikibadilika, mpya itaandikwa hapa.

Yasiyoandikwa ni mengi zaidi, na mama aliyafikiria kuliko yale mengine. Katika Ituri jina la mtu au la kilima linaweza kusema mengi kuliko mwenye jina anavyotaka kusema. Hakuandika kijiji alichotoka. Hakuweka jina la ukoo. Biashara aliipa jina la Kiswahili linalotokana na sindano na uzi, ambalo Mlendu, Mhema, Mbira, Mnande na Mualuri wote wanalisoma bila kutafuta upande wake. Kijana alitaka kutangaza siku ambazo mizigo inaondoka kwenda Komanda na Mahagi, ili wateja wajipange. Mama alimwuliza kama anataka na wale wa porini wajipange. Picha za watoto waliovaa nguo za shule zilipigwa shingo kwenda chini.

Mwenyekiti wa AVEC alikuja kuiona site hiyo, akaipitisha kwa kidole chake juu na chini, akasema ni ndogo. Ni kweli, ni ndogo, na kuna kurasa nzuri zaidi mjini. Baada ya kulipia jina na kumshukuru kijana kwa kitu mkononi, sehemu kubwa ya akiba ilibaki. Mashini ya tatu imekosa pesa kidogo tu sasa, na itangoja mgao ujao.

Kusambaza kulikuwa kazi ya fundi mwenyewe. Alitarizi jina la site kwenye vipande vidogo vya kitambaa na kuvishona ndani ya kola ya kila nguo inayotoka, kwa hiyo nguo ikisafiri, jina linasafiri. Kijana alilipeleka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa ile senta ya zamani, waliotawanyika Bunia, Beni, na ng'ambo ya Ziwa Albert.

Ujumbe wa kwanza ulitoka Kyangwali, kwenye kambi ya wakimbizi huko Uganda, na haukuwa oda. "Mama fundi, ni wewe wa karibu na kanisa? Kitenge changu cha bluu, yadi 6, kiko wapi?"

Kijana aliusoma, akanyamaza, kisha akasema, "Mama mdogo, tumfute tu. Ni mambo ya 2018."

"Hapana. Mwandikie ni mimi. Kiliungua pamoja na nyumba. Mwulize vipimo vyake vya sasa, maana miaka imepita."

Vipimo vilikuja kesho yake asubuhi, pamoja na picha ya futi ya kitambaa ikiwa kiunoni. Jumamosi mama alishuka soko kuu kuuliza bei ya kitenge cha bluu.